Miti ya asili na miti ya kigeni mjini: maswali mnayoniuliza kila siku

Nina kitalu kidogo cha miche kando ya barabara hapa Dar es Salaam. Anayesimama kununua huuliza, anayepita tu naye huuliza, na maswali mengi ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyaamini, ili siku ukija tuzungumzie kiwanja chako na mche wako, haya mengine uwe umeshayasoma.

Mti wa asili ni upi, na wa kigeni ni upi?

Mti wa asili ni ule uliofika mahali bila mtu kuuleta. Upepo, maji, ndege, popo na tembo ndio waliozitawanya mbegu zake tangu zamani, ukazoeana na udongo, mvua na wadudu wa hapo. Mti wa kigeni uliletwa na mtu, iwe kwa jahazi, kwa meli au kwenye mfuko wa koti.

Uzito uko kwenye neno "mahali". Chukua mhesi, ambao wataalamu huuita Maesopsis eminii. Kagera ni kwao kabisa. Ulipopelekwa Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, ukageuka mvamizi. Hondohondo wanayapenda matunda yake, wanazimeza mbegu na kuzidondosha ndani kabisa ya msitu, na palipoanguka mti mkubwa pakapata mwanga, mhesi unachipua kabla mti mwingine haujaamka. Nchi ni moja, Tanzania, lakini Kagera ni mwenyeji na Usambara ni mgeni.

Mwembe je? Mkwaju? Mwarobaini?

Mkwaju ni wetu. Jina lake la kitaalamu, Tamarindus indica, limewapotosha wengi, kwa sababu limetokana na Kiarabu tamr hindi, yaani tende ya India. Wafanyabiashara waliufahamu kupitia India wakadhani ndiko kwao. Asili yake ni Afrika, na ulivuka bahari kutoka huku kwenda kule.

Mwembe umetoka Asia ya Kusini. Mwarobaini na mzambarau vilevile. Mwashoki, ule mwembamba mrefu kama mshumaa unaouona kwenye kila geti, ni wa India na Sri Lanka. Mkrismasi wa maua mekundu ni wa Madagaska, jakaranda ni ya Argentina na Bolivia, mkaratusi ni wa Australia. Mbuyu, mkuyu, mkongo, mvule na mpingo ni wa hapa.

Ukitaka kujua nini kilisimama mjini kabla ya zege, sikiliza majina ya mitaa. Mikocheni palikuwa na mikoche. Mbuyuni, Mkwajuni, na kule Unguja Mkunazini, hayahitaji mkalimani. Lakini pia kuna Mwembechai na Mwembeyanga, na Mombasa kuna Mwembe Tayari. Mwembe ni mgeni aliyekaa hadi akapewa mtaa. Sina ugomvi naye, na mtu akiniambia ang'oe mwembe wa bibi yake ili apande mti wa asili, namkatalia.

Mti ni mti, kijani ni kijani. Kwa nini nijali ulikotoka?

Hili ndilo swali lenyewe, na nitalijibu kwa shuka.

Chukua shuka jeupe, litandike chini ya tawi, kisha lipige tawi kwa fimbo mara kumi. Hesabu kilichoanguka. Nilifanya hivyo asubuhi moja na wapwa zangu wawili. Chini ya mwashoki tulipata sisimizi watatu na buibui mmoja. Chini ya mkuyu ulio nyuma ya kitalu waliporomoka viwavi wa kijani, tunutu, mende wadogo wenye mgongo unaong'aa kama mafuta ya taa juu ya maji, buibui wa aina tatu, na konokono asiyezidi punje ya mtama. Mpwa wangu mdogo alihesabu hadi 41 akachoka, na shuka lilikuwa bado linatembea.

Hesabu ya asubuhi moja haitoshi kuitwa utafiti, lakini sababu yake inajulikana vizuri. Majani ya kila mti yana sumu zake za kujikinga. Mdudu huchukua vizazi maelfu kujifunza kula jani moja, na akishalijua, mara nyingi ndilo hilo hilo tu. Mti ulioletwa juzi kutoka bara jingine ni chakula asichokitambua. Mwarobaini umezidi, maana una azadiraktini, dawa ile ile inayokamuliwa kwenye mbegu zake ili kufukuza wadudu shambani. Tunausifu kwa hilo, halafu tunashangaa mbona hauna wadudu.

Mtu wa mjini atasema, afadhali, wadudu wa nini? Lakini ndege wengi, hata wale wala mbegu na wanywa nekta, hulisha makinda yao wadudu, na kiwavi ndiye chakula kizuri kuliko vyote kwa kuwa ni laini na ana mafuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwenye bustani za nyumba za watu eneo la Washington, Marekani, ulimfuatilia ndege mmoja mdogo mla viwavi. Kwenye bustani ambazo miti na vichaka vya kigeni vilizidi asilimia 30, ndege hao hawakuweza kulea watoto wa kutosha kuziba pengo la wanaokufa. Bustani zilikuwa za kijani na zinapendeza, na ndege walikuwa wanapungua humo humo.

Mbona naona nyuki na ndege wengi kwenye miti ya kigeni?

Unaona sawasawa. Ua lenye nekta halibagui sana, na tunda tamu pia. Chozi atanyonya maua ya mti asiowahi kuujua babu yake, popo watagombania kungu usiku kucha, na shore watakula matunda ya mwarobaini hadi yaishe. Shida iko kwenye jani, ambako viwavi wanapatikana.

Tena mfano mmoja wa Unguja unanifurahisha kila nikiukumbuka. Kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar ambao hawapatikani penginepo duniani, hutoka msitu wa Jozani wakaingia mashambani kula majani machanga ya mwembe na mkungu. Miti yote miwili ni ya kigeni. Majani hayo yana protini nyingi lakini pia yana kemikali zinazosumbua tumbo, basi kima hao wamejifunza kula mkaa kutoka kwenye tanuri na visiki vilivyoungua, maana mkaa hunyonya sumu. Mama humbeba mtoto, mtoto anamwona mama anatafuna mkaa, naye anajifunza.

Kwa hiyo sisemi mti wa kigeni haufai kitu. Nasema kwamba ni wachache wanaojua kuutumia, na hao wachache ndio hao hao unaowaona kila mji. Kunguru wa India hana shida na mwashoki, wala na zege.

Kama nitapanda mti mmoja tu, upi utasaidia viumbe wengi zaidi?

Mkuyu au ndugu yake yeyote katika ukoo wa mitini. Sibadilishi jibu hili.

Pasua kuyu bichi utazame ndani. Lile tunaloliita tunda ni mfuko uliojaa maua madogo mamia, yamegeukia ndani. Kila aina ya mtini ina nyigu wake mdogo, mdogo kuliko mbu, anayepenya kwenye tundu la mbele akiwa na chavua, akataga mayai na kufia humo. Bila nyigu yule mti hauzai mbegu, na bila mti ule nyigu hana pa kuzaliwa. Ili nyigu wasikose makao, mitini ya eneo moja haizai kwa msimu mmoja. Mmoja ukimaliza mwingine unaanza, na hivyo kuna chakula hata miezi ile ya kiangazi ambayo miti mingine haina kitu. Ninga, hondohondo, shore, popo, tumbili, wote wanajua ratiba hiyo kuliko sisi.

Nairobi mwaka 2020 kulikuwa na mugumo, ambao ni mtini pia, pale Waiyaki Way, unaokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 100. Ulikuwa umesimama kwenye njia ya barabara mpya ya juu. Kwa Wagikuyu mugumo ni mti mtakatifu, na watu walipopaza sauti ikatoka amri ya rais kwamba usikatwe. Barabara ilijengwa na mti ukabaki. Nauelezea kila mara kwa wanaoniambia kwamba maendeleo na mti mkubwa havikai pamoja.

Lakini mizizi ya mkuyu si itabomoa nyumba yangu?

Itakusumbua, ndiyo, ukiupanda karibu. Usiupande kando ya ukuta, shimo la choo au bomba la maji. Mkuyu ni wa uwanja wa shule, msikiti, kanisa, soko, kingo za mto, mahali ambapo watu mia watakaa kivulini. Kama kiwanja chako ni cha kawaida cha mjini, ruka hadi swali la uwanja mdogo hapo chini.

Una nini dhidi ya miashoki?

Kivuli chake kinatosha mtu mmoja tena asimame. Majani yanaelekea chini kama mwavuli uliofungwa. Wanaoupenda wanasema hauchafui na hauchukui nafasi, na hilo ni kweli.

Kinachoniuma ni wingi wake. Mwaka mmoja mtaani kwetu ilipangwa siku ya kupanda miti. Tulitoka asubuhi na majembe, watoto wa shule wamevaa sare, na gari likashusha miche: yote miashoki. Mimi nilikuwa na miche 40 ya mkwaju, hatua mia mbili kutoka pale, imefika kiunoni, na hakuna aliyekuwa ameniuliza. Tulipanda ile iliyoletwa. Ilipoingia Januari na jua lake, nusu ilikuwa imekauka. Mkwaju huvumilia kiangazi, huishi miaka zaidi ya mia, na chini yake mama ntilie anaweza kuweka meza nne. Hadi leo nikipita pale nayatazama yale mashimo.

Kupanda aina moja mji mzima kuna hatari nyingine: ugonjwa au mdudu mmoja akiingia, anakula mtaa wote kwa msimu mmoja. Changanya.

Nina mwarobaini mkubwa uani. Niukate?

Hapana. Mti mkubwa uliokwisha simama unapoza nyumba leo, na mche wa leo utakupoza baada ya miaka mingi. Uache, panda wa asili pembeni, na siku mwarobaini utakapozeeka mwenzake atakuwa tayari.

Ila nina ombi. Kama unaishi karibu na msitu wa pwani au kichaka cha asili, usiongeze mwarobaini mwingine. Ndege hubeba mbegu zake mbali, na kando ya pwani ya Kenya na Tanzania umeshaingia kwenye misitu iliyokuwa salama, hata kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoandikishwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Na mnaoniuliza kama mti wenyewe hufukuza mbu: laleni kwenye chandarua.

Kila mti wa kigeni ni mvamizi?

La. Mingi hukaa pale ulipoipanda. Mvamizi ni ule unaojisambaza wenyewe na kuwasukuma wengine. Mathenge, mti wa miiba ulioletwa kutoka Amerika, ndio mfano mchungu kuliko yote Afrika Mashariki. Ulipelekwa Baringo, Kenya, miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni. Ukazuia jangwa kweli, kisha ukazuia na malisho, njia na mashamba. Maganda yake yana sukari, mbuzi wanayapenda, na meno yao yanaoza na kung'oka. Mwaka 2006 wananchi walipoipeleka serikali mahakamani, walikwenda na mbuzi asiye na meno awe ushahidi.

Wetu nao wanavamia kwingine. Kifabakazi, ule mti wa Afrika wenye maua makubwa ya rangi ya moto yaliyosimama kama vikombe, umepandwa kwa uzuri wake dunia nzima, na visiwani Hawaii na Fiji wanapambana nao kama Baringo wanavyopambana na mathenge.

Kuna mahali mti wa kigeni umesaidia asili irudi?

Kuna, na nimekwenda kupaona. Bamburi, Mombasa, palikuwa na machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu unaopofusha macho kwa weupe. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu miti pale. Mingi ilikufa. Mvinje ukasimama, kwa sababu mizizi yake huvumilia chumvi na hujitengenezea mbolea ya naitrojeni kwa msaada wa bakteria. Tatizo likawa majani yake, yale kama sindano, yalilundikana chini bila kuoza. Ndipo wakaletwa majongoo. Majongoo wakayatafuna, kinyesi chao kikawa udongo, na juu ya udongo huo ikapandwa miti mingine ya kila aina. Leo watu hulipa kiingilio kutembea kwenye msitu pale palipokuwa shimo.

Mvinje kwao hasa ni pwani za Asia ya kusini-mashariki na Australia. Pale ulifanya kazi ya kutayarisha njia. Hiyo ndiyo nafasi ninayopenda kuwapa wageni wengi.

Mikaratusi inakausha maji kweli?

Inakunywa sana, kwa kuwa inakua haraka na mizizi yake inakwenda mbali. Shambani mbali na chanzo cha maji, kwa nguzo na kuni, ina faida yake. Kando ya kijito au chemchemi, usiipande. Nairobi somo hili linaonekana Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, ambao Wangari Maathai na wenzake waliutetea mwaka 1998 na 1999 usigawiwe kwa wajenzi. Sehemu kubwa ilikuwa mikaratusi iliyopandwa zamani kwa ajili ya kuni. Sasa inaondolewa kidogo kidogo na miti ya asili inarudishwa.

Ukiwa Nairobi, tembelea pia bustani ya miti ya Arboretum iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni itakayotoa kuni za treni. Zaidi ya aina 350 zimesimama pamoja, wageni kwa wenyeji. Simama chini ya kila mmoja utulie dakika tano, usikilize.

Nataka mbuyu lakini wazee wanasema una majini.

Sitabishana na wazee wako. Nitasema tu kwamba mibuyu mingi ya pwani ipo hadi leo kwa sababu kuna aliyeogopa kuikata, na Mombasa kule Mama Ngina bado inakaa ikitazama bahari. Maua ya mbuyu hufunguka jioni, popo wakaja kuyanywa, na kesho yake yanaanguka. Kama una eneo kubwa, upande. Mjukuu wako ndiye atakayeuita mkubwa.

Uwanja wangu ni mdogo. Nipande nini?

Pwani, mfuru, unaokupa furu nyeusi tamu ambazo watoto na ndege watagombania. Kama unataka kivuli kizito cha mwaka mzima, mtimaji, ila upe nafasi. Kwa uzio, mkwamba: matunda yake meupe madogo yanaita ndege hadi dirishani. Nairobi na nyanda za juu, mringaringa kwa ajili ya nyuki, au mukinduri. Dodoma, migunga na mkwaju.

Miti ya asili si inachelewa kukua?

Mpingo unachelewa, huo ukweli. Mringaringa unakwenda mbio. Mingi iko katikati, na kinachoichelewesha ni sisi kuipanda kwenye shimo la kiganja kimoja, katikati ya kiangazi, halafu tukaisahau. Chimba upana na kina cha futi mbili, changanya samadi iliyooza, panda masika yanapoanza, na mwagilia miaka miwili ya mwanzo.

Niko Muscat. Haya yananihusu?

Yanakuhusu. Mathenge wa Baringo upo huko pia, unavamia mabonde. Mwenyeji wa huko ni ghafu, ndugu yake, na Falme za Kiarabu ziliuteua kuwa mti wa taifa mwaka 2008. Inafanana kwa mbali, hivyo muulize mwenyeji kabla hujaotesha mbegu uliyookota.

Mbegu nitazipata wapi na nitaoteshaje?

Chini ya mti wenyewe. Beba mfuko ukitembea. Usichukue zote, wala usichukue kwa mti mmoja tu, maana watoto wa mama mmoja hudhoofika pamoja.

Mkwaju na mbuyu mwagia maji yaliyochemka, acha yapoe humo, loweka hadi kesho yake. Mkuyu kata tawi nene kama kidole gumba, lichomeke kwenye mchanga mbichi kivulini. Mkongo ndio ninaoupenda kuliko yote: ganda lake ni gumu kama ubao, na ndani zimepangwa mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja imevaa kofia nyekundu. Vua kofia, sugua ubavu wa mbegu kwenye sakafu ya saruji hadi uone weupe, loweka usiku mmoja, kisha ifukie kina cha pingili moja ya kidole. Tumia kiriba kirefu, kwani mzizi mkuu wa mkongo hushuka haraka kuliko shina linavyopanda. Siku ukiona umetokeza chini ya kiriba, usingoje tena, anza kuchimba shimo.